Ukuta wa dushi unasikilizwa sawa vile shimo

Mama wa watoto aliniambia mara tatu. Mara ya kwanza kwa simu, mimi nikiwa Manguredjipa kwenye dhahabu: "Baba, ukuta wa chumba cha watoto unatoka jasho." Nikacheka. Alimbongo ukuta gani hautoki jasho? Tuko juu ya mlima, zaidi ya metre 2.000, ukungu unaamka mbele ya watu, nguo inaweza kumaliza siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Nikamujibu: "Ni baridi tu."

Mara ya pili nilikuwa nimerudi. Akanishika mkono, akanionyesha alama chini ya ukuta, nyeusi kidogo, urefu wa kiganja kimoja. Nikapiga chokaa juu yake, ukuta ukapendeza, nikaona kazi imekwisha. Mara ya tatu aliniambia chokaa imeanza kuvimba na kupasuka. Nilikuwa nafunga mizigo ya kurudi shimoni, nikasema nitaangalia nikikuja.

Sikurudi shimoni. Asubuhi ya siku iliyofuata kipande cha ukuta, upana wa mlango, kiliteremka chenyewe juu ya godoro la watoto. Watoto wawili walikuwa wametumwa kwenye robine kuteka maji. Hakuna mutu alipata kidonda. Lakini niliinua tofali kwenye godoro lile kwa mikono yangu, tofali yenye imelowana inakuwa nzito, na nilijua ni kichwa cha nani kinalala pale.

Aibu yangu ni hii: mimi njo yule wenzangu wa sendika wanaita wakati shimo linatia mashaka. Naingia, napiga, nasikiliza, nasema "tokeni" ao "endeleeni". Miaka mingi nafanya vile. Na nyumbani kwangu, ukuta ulisema mara tatu kwa kinywa cha mama, mimi nikajibu baridi.

Kilichotokea ni kitu rahisi. Wengi wetu, tukijenga dushi, tunaiegemeza kwenye nyumba ili kupunguza ukuta mmoja. Kuta tatu unajenga, ya ine inakuwa tayari, ni ya chumba. Na chumba chenye kinabaki upande ule wa nyuma, mara nyingi, ni cha watoto. Sasa hesabu na mimi. Nyumba ya watu saba, kila mutu anaoga na lita kumi, nusu ya jerikani. Kwa siku ni lita 70. Kwa mwezi ni lita 2.100. Ni mapipa kumi ya lita 200 yenye unamwaga kila mwezi kwenye mguu wa ukuta mmoja. Kama sehemu ndogo tu ya maji yale haifuate njia yake, tofali ya udongo yenye haikuchomwa itakunywa yote, pole pole, bila kelele.

Na maji hayabaki chini. Chovya ncha ya mkate ndani ya chai uone: chai inapanda mpaka pahali hukuchovya. Ukuta unafanya vile vile. Udongo mkavu una nguvu, unabeba mabati na mbao na mvua ya mawe. Udongo uleule ukilowana unarudi kuwa matope, na matope hayabebi kitu.

Sisi wachimbaji tunapaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Maji yenye yanaua shimoni, mara nyingi hayatoki pale unapiga baramini. Yanatoka kwenye shimo la zamani la jirani, lenye liliachwa, likajaa, mutu hakuliona. Dushi ni vile. Uharibifu hauonekani pale maji yanamwagika. Unaonekana nyuma ya ukuta, chini ya pavema, ndani ya chumba kingine. Ukiangalia ndani ya dushi peke yake utaona ukuta mzuri wa simenti. Zunguka upande wa pili.

Kusoma alama

Kitu cha kwanza, tofautisha baridi na maji, maana huku kwetu vyote viwili viko, na mimi njo pale nilianguka. Kuna njia ya bei ya bure. Pangusa ukuta na kitambaa kikavu, kata kipande cha saché cha nailoni, ukibandike na skoche pande zote ine, usiache nafasi ya hewa. Acha siku moja na usiku wake. Kama matone yako juu ya nailoni, upande wako, ni hewa ya chumba yenye inagandia ukuta wa baridi: fungua dirisha, punguza kukausha nguo ndani. Kama matone yako chini ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Ile haina mjadala tena.

Jasho la baridi linapenda kukaa juu na kwenye pembe, linakuja asubuhi na kupungua saa sita. Maji ya dushi yanaanza chini, yanapanda, na hayaendi hata jua likiwaka wiki nzima.

Ukishajua ni maji, chukua penseli. Chora mstari pale unyevu unaishia juu, andika tarehe. Wiki ijayo angalia. Kama alama imepita mstari, maji yanaendelea kuingia. Ufa nao tunaupima vile tunafanya shimoni: paka udongo mwembamba juu ya ufa, uache ukauke. Udongo ule ukipasuka katikati, juu ya mstari wa ufa, ukuta unatembea. Shimoni ukiona vile unatoka bila kuuliza PDG wa shimo. Nyumbani, toa watoto kwenye chumba kile usiku uleule.

Halafu kuna sikio. Kila mchimbaji anajua kupiga paa la shimo na baramini: jiwe zima linalia kama kengele, jiwe lenye limeachana na mwenzake linalia kama ngoma. Sasa kunja kidole, gonga krepisaje ya ukuta wako, toka juu kushuka. Pale inalia kama ngoma, simenti imekwisha kuachana na tofali, na katikati yake kuna maji ao kulikuwa maji. Kwenye karo ni vile vile. Inawezekana karo ishikamane vizuri kwa macho, na kumbe nyuma kuko nafasi ya kuingiza shilingi.

Wenye nyumba za mbao, na Alimbongo ni wengi, wachukue msumari. Sukuma na kidole gumba kwenye ubao wa chini kabisa, karibu na dushi, na kwenye nguzo ya pembe. Mti mzima unakataa. Ukiona msumari unaingia sawa ndani ya kiazi chenye kimepikwa, mti umeoza hata kama rangi ya juu bado inang'aa.

Ule unga mweupe wenye unatoka chini ya ukuta na watoto wanaulamba, wengine wanasema ni chokaa mbaya ya fundi. Ni chumvi. Maji yanaiyeyusha ndani ya tofali, yanaileta nje, yanakauka, chumvi inabaki. Kila mara ukiupangusa na unarudi, jua maji bado yanatembea ndani. Rangi yenye inavimba kama malengelenge, mlango wa mbao wenye ulikuwa unafunga vizuri na sasa unakwama chini, sisimizi na mchwa wenye wamehamia kwenye pembe moja, harufu ya nguo zenye zilifungwa bado mbichi: vyote ni ndugu.

Na kuvu, ile nyeusi. Mama wengi wanaiosha na Javel, inakwenda, nyuma ya wiki mbili imerudi. Itarudi kila siku kama hukukata maji, juu inakula unyevu. Wala usichanganye Javel na asidi ya kusafishia choo, moshi wake unachoma mapafu. Shirika la afya la dunia, OMS, lilitoa kitabu kizima mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu ndani ya nyumba, na lilisema wazi kwamba watu wenye wanaishi ndani yake wanapata zaidi kikohozi na asma. Baba anarudi na vumbi la jiwe ndani ya kifua, analala miezi miwili karibu na ukuta wa kuvu, tunasema ni kazi ndiyo ilimuharibu. Kazi, ndiyo. Lakini kazi haikuwa peke yake.

Kuna sababu moja yenye ni yetu sisi peke yetu, na mafundi wa mji hawaijui. Mchimbaji akifika nyumbani anaoga matope. Nguo zake zinafuliwa palepale ndani ya dushi. Udongo ule na mchanga mwembamba haupotei, unalala ndani ya tiyo ya kutolea maji, siku kwa siku, mpaka nafasi inabaki ya kidole. Maji yanasimama ndani ya dushi, mguu unalowana, tunasema "yataenda". Yanaenda kweli, lakini yanapita kwenye ufa wa pavema na kwenye mguu wa ukuta. Weka beseni nje, nawa miguu na mikono pale, fulia nguo za shimoni pale, mwaga matope kwenye shimo la takataka. Tiyo yako itaishi miaka mingi zaidi.

Wenye wamepanda mpaka kwa karo

Tuseme ukweli, dhahabu ikikubali, mutu anakwenda kujenga Butembo, na anataka dushi ya ndani, karo mpaka dari, na wengine benyuwari. Si vibaya. Lakini kule maji yanafichwa zaidi, na gharama ya kutoujua ukweli ni kubwa zaidi.

Benyuwari ikijaa lita 150 ni kilo 150. Ongeza mutu wa kilo 70, ni kilo 220 juu ya miguu mine midogo. Inashuka kidogo sana, macho hayaoni, lakini joenti ya silikoni kati ya benyuwari na ukuta inafunguka kama mdomo. Maji yakitoka, inafunga mdomo. Kwa hiyo ukiiangalia ikiwa tupu utasema ni nzima. Jaza maji kwanza, ndipo uangalie. Na fundi akija kuweka silikoni mpya, mwambie ajaze benyuwari maji, aweke silikoni, aache ikauke mpaka kesho yake, ndipo atoe maji. Fundi mwenye anakataa juu anaharakisha, mutafute mwingine.

Kama dari ya chumba cha chini iko na alama ya rangi ya kahawa, duara ndani ya duara, hesabu zile duara. Kila moja ni mara moja maji yalifika na kukauka. Si maji ya leo.

Kutafuta wapi yanatoka, usivunje karo zote. Uliza kitu kimoja kwa siku moja. Siku ya kwanza funga robine zote, mutu asitumie maji. Kama muko na kompteri na mshale unatembea, ni tiyo ya ndani ya ukuta yenye inatoboka. Siku ya pili mwaga ndoo mbili moja kwa moja kwenye tundu la kutolea, taratibu, bila kulowanisha pavema. Alama ikikua, ni tiyo ya chini. Siku ya tatu ziba tundu na kitambaa, mimina maji yafunike pavema, tia ndani buluu ya kufulia nguo nyeupe, ngoja masaa machache. Ukiona buluu upande wa pili, pavema njo adui. Siku ya ine rushia maji ukuta wa karo peke yake. Nilifanya hivi kwa nyumba ya shemeji yangu, mafundi wawili walikuwa wameshamuhesabia karo mpya za dushi nzima. Ilikuwa joenti moja nyuma ya robine, urefu wa kidole. Na kama waya wa umeme unapita ndani ya ukuta wenye maji, kata umeme mbele ya yote hayo.

Butembo kuko jambo lingine, vilima. Maji ya dushi yako, ukiyaachilia nyuma ya nyumba, yanashuka kwenye mguu wa ukuta wa jirani wa chini. Yeye ataona unyevu, atatafuta ndani ya dushi yake mwaka mzima bila kupata kitu. Na yakikusanyika na ya wenzako yanafungua mifereji ya udongo, ile mashimo makubwa yenye tunaona imekula vijia vya mji. Kabla ya kulaumu dushi yako panda juu kidogo, uangalie maji ya nani yanakuja kwako.

Kutengeneza, na nani atalipa

Kosa langu la chokaa ni kosa la watu wengi, na liko na ndugu yake mkubwa: kupiga simenti juu ya ukuta wa udongo wenye bado umelowana. Mutu anapanda mpaka Butembo, ananunua mfuko wa Hima kutoka Uganda, anapiga krepisaje safi. Simenti inafunga mlango, maji yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Nyuma ya msimu mmoja wa mvua, krepisaje inaanguka kama sahani, na imebeba udongo pamoja nayo.

Kata maji kwanza. Ngoja ukuta ukauke, na huku kwetu ni wiki nyingi, si siku. Ukuta wa udongo utengeneze na udongo. Simenti iweke upande wa dushi, pale maji yanagonga, toka chini mpaka kimo cha kichwa, juu ya tofali za kuchoma ao mawe. Pavema ishuke kuelekea tundu, sentimetre mbili kwa kila metre, na hapo usiamini jicho: mimina kikombe cha maji pembe ya mbali uone kama yanakimbia ao yanakaa kutafakari. Pembe pale pavema inakutana na ukuta usiiache kali, iviringishe na simenti. Tiyo ya kutolea ipeleke maji mbali na msingi, metre kadhaa, mpaka shimo lenye mawe ndani.

Lakini dawa ya kweli kwa nyumba ya udongo ni kuhamisha dushi. Metre mbili tu toka nyumba, kuta ine zake zenyewe. Ndiyo, ni ukuta mmoja zaidi wa kulipa. Mimi nilijenga ule ukuta wa ine nyuma ya kulipa ukuta wa chumba, godoro na siku kumi na moja za kazi zenye sikuingia shimoni.

Kwa wapangaji, na wengi wetu tunapanga, neno la sendika. Sheria ya Kongo juu ya mapatano, ile ya tarehe 30 Julai 1888 yenye bado inafanya kazi, inamwambia mwenye nyumba atoe nyumba ikiwa nzima na aitunze ili mutu aweze kuikaa. Na inasema nyumba ikianguka juu ya kukosa matunzo ao juu ya kujengwa vibaya, mwenye nyumba anajibu kwa hasara yenye imefanyika. Kuko pia sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba za kukaa. Lakini sheria inataka alama. Siku ya kuingia, kabla ya kulipa garanti, zunguka na mwenye nyumba, gonga ukuta wa dushi mbele yake, piga picha na simu, andikeni karatasi mbili zenye sahihi, nyumbakumi awe shahidi. Ukiona maji, mwambie kwa maandishi siku ile ile, hata ujumbe wa simu, na usiufute. Nimeona mpangaji akinyimwa garanti yake yote kwa ukuta wenye ulikuwa umeoza mbele yeye hajaoa. Hakuwa na hata picha moja.

Wenye wanarudi kwenye nyumba zenye zilifungwa miezi, na tangu vita ya Desemba 2024 tuko wengi, wasianze kuoga siku ya kwanza. Panya na majani vimeziba tiyo, mvua imepita pahali pengi, mbao zimelala ndani ya maji. Gonga, sukuma msumari, mimina ndoo moja, zunguka nyuma. Oga nje siku mbili, si aibu, baridi tumeizoea.

Ukuta mpya wa chumba cha watoto kwangu una mstari wa penseli chini kabisa, karibu na pembe. Sikuuchora mimi. Kila Jumamosi mama wa watoto anapita na penseli yake, anaandika tarehe, haniambii kitu, na mimi nikitoka shimoni ninaanza kusoma pale kabla ya kuvua buti.